Simenti Imetudanganya: Juu ya Kubomoa Nyumba ya Baba



Kila mwaka wakati wa Noeli familia nyingi za Bunia zinakutana kwenye parseli ya wazazi, na chakula kikiisha neno moja linatokea. Mara nyingi analileta mdogo aliyetoka Kampala ao Kisangani, ao yule mwenye kupata kazi kwa shirika. Anatazama ukuta, anatazama mabati yenye kutu, anasema: "Hii nyumba ya mzee inatuletea haya. Tuivunje, tujenge ya kisasa." Hapo mzee mmoja anaruka: "Nyumba ya marehemu haiguswi!" Basi familia inagawanyika mara mbili, sikukuu inaharibika, na nyumba yenyewe inabaki kungojea mvua ya mwaka mwingine.

Kwetu, katika kartie Lumumba, neno hilo lilitokea Desemba 2023. Mdogo wangu alisema tubomoe. Baba mdogo alisema isiguswe. Mama, ambaye ndiye analala ndani ya nyumba hiyo kila siku, hakuulizwa na mtu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, watu wanafikiri mwalimu ana jibu la kila kitu, wakanigeukia. Siku ile sikuwa na jibu. Leo ninalo, na ninaliandika hapa katika kijitabu cha mila zetu kwa sababu pande zote mbili zilijifunika na jina la mila.

Jibu langu ni hili: pande zote mbili zinakosea, tena zinakosea kosa moja. Mwenye kusema "tubomoe" na mwenye kusema "isiguswe", wote wawili wanakimbia kazi. Wa kwanza anataka kufanya kazi mara moja tu, kisha apumzike milele. Wa pili hataka kuifanya hata mara moja. Wote wawili si wafuasi wa mababu.

1. Mila gani?

Tunapenda kusema "desturi yetu". Tuulize kwanza: ya nani? Ituri ni jimbo la Waalur, Wahema, Walendu, Wangiti, Wabira, Wanyali, Walugbara, Wandoo-Okebo, Wambuti na wengine. Hakukuwa nyumba ya namna moja, wala sheria moja juu ya nyumba.

Msituni, upande wa Mambasa na Epulu, kwa Wambuti wanawake ndio wanaojenga. Wanakunja fito kuwa mviringo, wanapanga majani ya mangongo juu yake, jani juu ya jani, sawa magamba ya samaki. Kambi ikihama, nyumba inaachwa hapo, na pahali papya panajengwa nyingine. Kwao kujenga mpya ni mila safi kabisa. Basi mtu asije kutuambia kwamba kujenga mpya ni mambo ya Wazungu.

Kwa watu wa vijiji vya kilimo na vya ng'ombe, nyumba ya fito, udongo na manyasi ilikaa pahali pamoja muda mrefu zaidi. Lakini haikukaa hivi hivi. Manyasi yaliyooza yalitolewa, mapya yakaezekwa. Fito iliyoliwa na mchwa iling'olewa, nyingine ikachomekwa. Ukuta ulipakwa udongo tena, mara nyingi na mavi ya ng'ombe ndani yake, kwa mikono ya wanawake. Baada ya miaka kumi, nani angeweza kuonyesha kipande gani ni cha zamani na kipande gani ni kipya? Hakuna aliyeuliza, "Tutengeneze ao tujenge mpya?" Kutengeneza kulikuwa ndiyo kujenga.

Tena kazi ilikuwa na wenyewe. Wanaume miti na paa, wanawake udongo, watoto maji, majirani mikono ya kuongeza, na mwenye nyumba chakula na kinywaji. Wakati wa Mobutu tuliambiwa kazi ya pamoja inaitwa salongo, na kwa sababu ilikuja na amri, watu wakaichukia. Lakini kabla ya amri, kazi ile ilikuwapo. Ndiyo mila ninayoitetea hapa. Si manyasi, si udongo, bali ile siku ya mwaka ambapo watu wa nyumba wanarudi kwenye nyumba na mikono yao.

2. Simenti ilituletea nini

Mimi si adui wa simenti. Shule ninayofundisha imejengwa na simenti, na mvua ikinyesha ninaishukuru. Lakini pamoja na mfuko wa kilo 50 liliingia wazo moja baya: kwamba nyumba inamalizika. Sikilizeni namna tunavyoongea: "Fulani amemaliza nyumba." Wazee wetu hawangeelewa maneno hayo. Mtu anamaliza kula, anamaliza shule. Nyumba, anaimaliza namna gani?

Baba yangu alikuwa karani. Alijenga mwaka 1974: msingi wa mawe, kuta za matofali ya udongo yasiyochomwa, juu yake ngozi ya simenti, kisha mabati. Watu wa avenue walisema, "Karani amemaliza." Kutoka siku hiyo mpaka alipofariki mwaka 2012, kuta zile zilipakwa rangi wakati wa ndoa na wakati wa matanga, basi. Hakuna aliyezitazama kwa macho ya fundi.

Na kuta hizo zilihitaji kutazamwa. Mwanafunzi wangu yeyote anaweza kuelewa sababu. Udongo unanyonya maji na kuyatoa; unavimba kidogo, unanywea kidogo. Simenti ngumu haifanyi hivyo. Ukiwafunga pamoja, siku moja ngozi ya simenti inapasuka. Maji yanaingia kwenye ufa na hayapati njia ya kutoka. Udongo unalainika nyuma ya ngozi, watu hawaoni, wanaona rangi nzuri. Kisha siku moja kipande kizima kinaanguka chini, na mtu anasema, "Unaona? Udongo ni mbaya." Hapana. Udongo haukukosa. Aliyekosa ni yule aliyeufunika na kwenda zake.

Nani hajui msikiti mkubwa wa Djenné, kule Mali? Hata kwenye vitabu vya jiografia tuliuona. Ule uliopo ulijengwa mwaka 1907, na ni wa udongo. Umepita miaka zaidi ya mia moja. Siri yake si dawa fulani ndani ya udongo. Watu wa mji wanakusanyika kila mwaka kuupaka tena, vijana kwa wazee, na siku hiyo ni sikukuu. Sisi tunafundisha watoto "Usipoziba ufa utajenga ukuta", tunawapa pointi kwa kuikariri, kisha tunarudi nyumbani kulala karibu na ufa.

3. Kwa wale wanaosema tubomoe

Sasa nije kwa mdogo wangu na wenzake. Wana hoja tatu, na ninaziheshimu, lakini ninazikataa mbili na nusu.

Hoja ya kwanza ni haya. "Wageni watatuona namna gani?" Ndugu yangu, mgeni anakuja saa mbili, anakunywa chai, anaenda. Mama anakaa ndani miezi kumi na miwili. Nyumba inayojengwa kwa macho ya mgeni ina sebule kubwa na jikoni yenye kuvuja moshi. Tunazijua.

Hoja ya pili ni feza: "Kutengeneza ya zamani ni kupoteza feza, heri tuanze upya." Basi tokeni mutembee kidogo katika kartie zetu, Lumumba, Nyakasanza, Mudzipela, na muhesabu shantie. Kuta zimefika kwenye madirisha, majani yanaota ndani, chuma kinashika kutu. Wengi wa watu hao walianza kwa kubomoa. Bei ya simenti inayotoka Uganda ilipanda, barabara ilifungwa na vita, mtoto aliingia chuo, na feza ikaisha. Kuna mama mmoja jirani yetu, watoto wake walimbomolea nyumba ya vyumba vitatu wakamwahidi mpya kwa miezi sita. Anakaa kwa kupanga mpaka leo, na anatembea kila asubuhi kuchungulia kuta zake wasimwibie matofali. Na kupanga Bunia si jambo la mchezo. Tangu Desemba 2017, wakati watu wa Djugu walipoanza kukimbilia hapa kwa maelfu, chumba kimekuwa kitu cha kutafuta na taa.

Mama yangu, alipoulizwa mwishoni, hakulia wala hakulaani mtu. Aliuliza tu: "Muvunje. Lakini mvua ya Septemba itanikuta wapi?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Hata yule mwenye feza.

Hoja ya tatu ni usalama, na hapa ninatoa nusu. Ni kweli kuna nyumba ambazo kuzitengeneza ni kupaka rangi juu ya kaburi. Sisi tunakaa karibu na bonde la ziwa Albert, na ardhi ya huku inatikisika. Tarehe 20 Machi 1966 tetemeko kubwa liliua watu zaidi ya mia moja upande wa Toro, Uganda, na upande wetu wa Kongo pia watu waliumia. Nyumba yenye msingi uliokaa upande, ao kuta zilizoinama, ao iliyo kwenye ukingo wa mto Nyamukau ambako udongo unaliwa na maji kila mwaka, hiyo ivunjwe, na ivunjwe bila machozi. Lakini ni nani aliyepima? Mdogo wangu alipima kwa macho, akiwa na chupa mkononi. Huko si kupima.

4. Neno ambalo halisemwi mezani

Kuna hoja ya nne, ambayo haitamkwi, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote. Nisameheni nikiisema wazi.

Nyumba ya baba ni ya watoto wote wa baba. Kodi ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, haitenganishi mtoto wa kike na wa kiume katika urithi. Na mjane inamwachia haki ya kutumia nyumba aliyoishi na mume wake. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema ardhi ni ya Serikali, sisi tunapewa haki juu yake. Basi kitu ambacho familia inakishika kweli kweli ni haki hiyo pamoja na jengo lililo juu, na mara nyingi karatasi zake ni fishi ya parseli iliyokunjwa ndani ya Biblia, yenye jina la marehemu.

Sasa, mmoja akija na feza yake, akabomoa nyumba ya baba, akasimamisha yake, nini kinatokea? Miaka mitano baadaye ile si "nyumba ya mzee" tena. Ni "nyumba ya fulani". Dada zetu walioolewa wanakuja sawa wageni, wanaomba pahali pa kulala. Wadogo wanaitwa "wanaokaa kwa kaka". Hakuna aliyewafukuza, hakuna aliyeiba. Ukuta wa zamani ulikuwa shahidi wao, na shahidi amevunjwa. Mwenye kutoa simenti amekuwa mwenye nyumba.

Sisemi kwamba kila mwenye kusema "tubomoe" ana nia hiyo. Mdogo wangu hana, ninamjua. Lakini nia si kitu katika jambo hili. Nia njema ya leo inakuwa kesi ya kesho, kwa shefu wa kartie kwanza, kisha kwa tribinali. Nimekaa katika mabaraza ya familia mengi, na kesi nyingi nilizosikia hazikuanza na mtu mubaya. Zilianza na mtu mwema aliyejenga bila karatasi.

Nyumba inayotengenezwa haileti hatari hiyo upesi. Huyu ameleta mabati, yule ameleta mlango, dada amelipa fundi siku mbili, na nyumba inabaki ya baba. Ndiyo sababu nasema kutengeneza si umaskini. Ni namna ya kubaki familia.

5. Kwa wale wanaosema isiguswe

Baba mdogo asifikiri nimemsahau. Yeye na wenzake wanashika upande wa heshima, na heshima ni kitu kizuri. Lakini heshima isiyoshika jembe ni maneno.

"Nyumba ya marehemu haiguswi." Baba mdogo, iliguswa zamani! Mei 2003, vita vilipoingia mjini, sisi tulitembea na miguu kupitia Komanda mpaka upande wa Beni, na vyungu kichwani. Tuliporudi, kuta zilikuwapo, lakini mabati yalikuwa yameng'olewa, na milango, na fremu za madirisha. Nyumba nyingi za Bunia zilikuwa hivyo. Tuliezeka haraka na mabati namba 32, yale membamba, juu ya miti ya eukaliptusi ambayo haikukauka. Paa unaloliheshimu leo si la marehemu. Ni la njaa ya mwaka 2003. Marehemu mwenyewe alilichukia mpaka kufa kwake.

Tutazame jirani zetu wa Uganda. Kule Kasubi, Kampala, kuna makaburi ya wafalme wa Buganda, ndani ya nyumba kubwa ya manyasi iliyojengwa mwaka 1882. Kama kuna nyumba ya marehemu duniani, ni ile. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 iliungua. Baganda walilia, kisha wakajenga tena. Kazi ilichukua miaka mingi, na mwaka 2023 UNESCO iliitoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Waliwezaje? Kwa sababu kazi ilikuwa na wenyewe. Ukoo wa Ngeye ndio wenye kazi ya kuezeka, tangu zamani. Manyasi yaliungua, lakini haki na wajibu wa kuezeka havikuungua. Kama mila ingekuwa "isiguswe", leo Kasubi pangekuwa majivu yenye heshima.

Na mfano wa pili, wa huzuni. Zanzibar kuna jumba la Beit al-Ajaib, alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Mji Mkongwe wote uliandikwa kuwa urithi wa dunia mwaka 2000. Lakini kuandikwa si kutengenezwa. Jumba lilichoka miaka na miaka, na tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi ya kulitengeneza ilikuwa imeanza, sehemu kubwa ya mbele ilianguka na watu wawili walikufa. Kutengeneza kulikochelewa kunaua sawa na kubomoa. Anayesema "isiguswe" anabomoa pia, lakini anaiachia mvua kazi hiyo, kusudi mikono yake ionekane safi.

6. Tufanye namna gani

Nisiishie kwenye kulaumu. Mwalimu anayeweka alama nyekundu bila kusahihisha ni mwalimu mubaya. Haya ndiyo tuliyoyajifunza kwetu, na ninayaweka mbele yenu.

Kwanza, fundi apime kabla ya familia kukutana, si nyuma ya mkutano. Sisi tulimwita masoni mmoja mzee. Alichimba kwenye pembe mbili mpaka kuona mawe ya msingi. Alishusha timazi, ile kamba yenye chuma chini, kwenye kila ukuta. Alichoma miti ya paa na kisu. Alirudi na hesabu: msingi mzuri, kuta tatu zimesimama sawa, ukuta wa nyuma, upande maji ya mvua yanapomwagika, umevimba na lazima uvunjwe, miti ya paa karibu yote imeliwa na mchwa. Basi! Vita vyetu vya siku tatu vilikuwa juu ya "nyumba", kumbe mgonjwa alikuwa ukuta mmoja na paa.

Pili, tujue nyumba inauawa na nini. Ni maji ya juu na maji ya chini. Paa lenye kutoka nje vizuri na mtaro wa kupeleka maji mbali na msingi, hivyo viwili ni vya kwanza, mbele ya rangi, mbele ya vigae, mbele ya mlango wa chuma wenye maua. Na mukinunua mabati, mukumbuke kwamba namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Namba 28 inashinda 32, hata kama muuzaji anasema yote ni moja. Na ukuta wa udongo uliobaki mzima, mupake udongo, musiufungie tena ndani ya simenti.

Tatu, paa la zamani lisishuke mbele ya paa jipya kuwa tayari. Hata kama fundi amesema ni lazima kujenga mpya, ijengwe kwanza chumba kimoja kwenye pembe ya parseli, kiezekwe, mama aingie, kisha ya zamani ivunjwe. Na matofali mazima, mawe na milango vitumike tena. Kazi ifanywe wakati wa jua, Desemba mpaka Februari, si wakati wa mvua na maombi.

Nne, karatasi. Kila anayetoa feza iandikwe, na iandikwe kwamba ni msaada ao ni deni, lakini si kununua nyumba. Watoto wote watie sahihi, wa kike pamoja. Mwenye kukataa kutia sahihi atakuwa ametuambia kitu.

Tano, na ndiyo roho ya maandishi haya: kila familia ichague juma moja la mwaka kwa nyumba. Sisi tunajua kukutana kwa matanga, kwa mahari, kwa likelemba. Je, hatuwezi kukutana kwa ukuta? Ninaomba muungano wetu ulipokee wazo hili. Siku hiyo wazee waonyeshe vijana namna ya kukanda udongo, na vijana wapande juu kugonga misumari. Mtapata kufundisha mila bila hotuba.

Na sasa lazima niungame, kusudi mtu asinipige na jiwe langu mwenyewe. Toka 2012 mpaka 2023 mimi ndiye niliyekuwa karibu. Mdogo wangu alikuwa Kampala, dada zangu kwa waume zao, mimi nilikuwa hapa hapa na shule dakika ishirini. Kila mwaka nilisema, "Mwaka huu nitaangalia ule ukuta wa nyuma." Miaka kumi na moja. Mdogo wangu aliponiambia, "Yaya, weye uliiacha ikaharibika, sasa unataka kututolea mafundisho," sikuweza kumjibu. Alikuwa na haki. Hasira yake ya kubomoa, nusu yake ilitoka kwenye uvivu wangu. Ndiyo maana nimeandika "wanakimbia kazi", na mimi nilikuwa mbele ya wakimbiaji.

Januari na Februari 2024 tuliivunja kuta moja tu, ile ya nyuma, tukaisimamisha tena na matofali ya kuchoma juu ya mawe yale yale ya 1974. Mdogo wangu alileta mabati, namba 28. Dada zangu walilipa miti iliyokauka. Baba mdogo, baada ya kunung'unika juma zima, alikuja siku ya tatu na nyundo yake mwenyewe, akasema tunagonga misumari vibaya. Paa limetoka nje kuliko zamani, mtaro umechimbwa. Vyumba viwili bado havijapakwa. Karatasi imetiwa sahihi na sisi watano.

Jirani mmoja alipita akauliza, "Mwalimu, mumemaliza nyumba?" Mama ndiye alijibu kutoka mlangoni: "Hapana. Tumeianza."